Kujidhuru, Kujijeruhi na Kujiua: Tahadhari kwa Wafasiri

Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani wa Bethel waligeuza kituo chao cha Lutindi, katika Milima ya Usambara, kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ingalipo, lakini lugha ya kuizungumzia imebadilika. Neno *wazimu*, lililobebeshwa kila aina ya maradhi, limepishwa na *ugonjwa wa akili*, *afya ya akili* na *sonona*. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, liko eneo moja ambalo istilahi zetu bado zinayumba, na kuyumba huko kwaweza kumfikisha mgonjwa mahakamani.

Tunakusudia tendo la mtu mzima kuuumiza mwili wake kwa makusudi bila ya kutaka kufa. Wafasiri wengi huliita *kujidhuru*. Neno hili ni pana mno: mlevi hujidhuru, na mvuta sigara pia. Tena, mara nyingi hutumika kama tafsida ya kujiua. *Kujikatakata* nalo ni finyu, kwa kuwa lataja njia moja tu. *Kujijeruhi* ni bora zaidi, lakini pekee halitoshi. Mkulima wa Lushoto aliyejikata kwa jembe katika shamba la viazi naye amejijeruhi. Kwa hiyo tunapendekeza *kujijeruhi kusudi pasipo nia ya kufa*. Ni istilahi ndefu, lakini urefu ni kasoro ndogo kuliko utata.

Umuhimu wake ni huu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Karani anayeandika “alijaribu kujiua” pale daktari aliposema jambo jingine amemtungia mgonjwa shtaka. Wala isidhaniwe kwamba tendo lenyewe ni dogo: utafiti umeonyesha kuwa anayejijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kujiua baadaye. Anastahili tiba ya haraka, na istilahi sahihi haimpunguzii haki hiyo.

Tatizo la pili lahusu maradhi yanayoambatana na tendo hilo. Wataalamu wengi siku hizi hawayatazami maradhi ya akili kama visanduku vilivyofungwa, bali kama mielekeo mipana yenye viwango. Msafiri apandaye kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto anaelewa jambo hili: joto la chini hugeuka baridi ya juu, lakini hapana jiwe la mpaka ambapo baridi huanzia. Ndiyo sababu tunachagua *mwelekeo* badala ya *aina*. Aina humweka mtu ndani au nje, mwelekeo huuliza amefika wapi.

Mfasiri afuataye neno kwa neno ataiita mielekeo miwili mikuu *matatizo ya ndani* na *matatizo ya nje*. Msomaji atafahamu nini? *Magonjwa ya ndani* tayari ni idara ya hospitali, na *matatizo ya ndani* ni ugomvi wa nyumbani. Sisi twaona *mwelekeo wa kusononeka*, unaokusanya huzuni na hofu, na *mwelekeo wa kutojizuia*, unaokusanya ulevi, ukali na utendaji wa ghafla, yaeleza maana bila ya kigugumizi. Kujijeruhi kusudi huambatana na yote miwili: wengi hujiumiza ili kutuliza uchungu wa moyo, na wengine hushindwa kuuzuia msukumo. Mwalimu aambiwaye kuwa tendo hilo ni utovu wa nidhamu tu amepewa nusu ya habari.

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekipa Kiswahili nafasi ya lugha ya sheria na mahakama. Basi uchaguzi wa neno si pambo tena. Tunawaomba wafasiri, kabla ya kuandika *kujidhuru*, wajiulize swali moja: je, mtu huyu alitaka kufa? Iwapo jibu halijulikani, waandike lililotendeka, wasiandike nia.