Sanaa ya Uwanja wa Ndege: Uhakiki wa Istilahi na wa Kazi za Port Reitz

Miongoni mwa istilahi ambazo wahakiki wetu wamezipokea kutoka ng'ambo bila ya kuzipima, mojawapo ni hii ya "sanaa ya uwanja wa ndege". Frank McEwen, mkurugenzi wa kwanza wa jumba la taifa la sanaa lililofunguliwa Salisbury mwaka 1957, alikuwa mmoja wa walioieneza. Kwa istilahi hiyo hukusudiwa kazi zinazotengenezwa kwa wingi, zinazofanana, na zinazouzwa kwa mgeni apitaye. Aitumiaye huwa amekwisha kuhukumu kabla ya kutazama. Makala haya yanakusudia kuipima istilahi hiyo mahali ambapo maana yake ya hakika na maana yake ya dharau hukutana, yaani Port Reitz, katika Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Hapo ndipo ulipo uwanja uliowahi kuitwa Port Reitz na ambao sasa huitwa Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Na kando ya barabara ya Port Reitz ndipo zilipo karakana za ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963.

Swali letu ni hili: Je, kazi inayorudiwa yaweza kuwa sanaa, au ni bidhaa tu? Swali hilo si geni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Analijua, ila kwa jina jingine.

Asili ya ufundi wenyewe

Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona jinsi Wazaramo walivyochonga mpingo. Aliporudi kwao akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza, na ufundi huo ukaenea Wamunyu kutoka jamaa hadi jirani. Wakamba walikuwa na uchongaji wao tangu zamani, hasa wa vigoda. Lakini uchongaji huu wa sanamu za kuuza ulizaliwa kwa mtu kuona kazi ya mwenziwe na kuirudia. Hapana budi jambo hili likumbukwe, kwa kuwa linaondoa dhana kuwa hapo mwanzo palikuwa na ubunifu safi ambao baadaye soko liliuharibu. Kurudia ndiko kulikokuwa mwanzo.

Katika karakana kazi hupita mikononi mwa watu kadhaa. Tezo hutoa umbo la kwanza katika gogo. Kisu na patasi huleta uso, masikio na vidole. Kisha huja msasa, na aghalabu apigaye msasa si yule aliyechonga. Mwisho hutiwa rangi ya viatu ili mti mweupe ufanane na mpingo. Kijana hujifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wake na kuchonga kile akichongacho mkubwa huyo.

Hoja ya Njau na mipaka yake

Mtu aliyeisimamia hoja ya kupinga kuiga kwa nguvu zaidi katika Afrika Mashariki ni mchoraji Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1965. Msimamo wake unajulikana: aonavyo yeye, kuiga humlaza Mungu usingizi. Maneno hayo ni mazito na yalikuwa na kazi yake. Yalimwambia kijana aliyesomeshwa kunakili picha za Ulaya kwamba macho yake mwenyewe yanatosha.

Hata hivyo hoja hiyo ilitungwa na mchoraji aliyesomea Makerere, akabiliye kitambaa kitupu akiwa peke yake. Si kipimo cha haki kwa watu ambao chuo chao ni kurudia. Tuwatazame wachoraji wengine, wale wa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendelea kuchora ndege na wanyama kama alivyochora yeye, mpaka jina la mtu likawa jina la mtindo, na mwaka 1990 wakasajili ushirika. Wachoraji hao huketi pamoja, huazimana rangi na huazimana hata maumbo. Kwa kipimo cha Njau wote wamelala. Lakini atazamaye kwa makini ataona kuwa mkono wa mmoja si mkono wa mwingine.

Ushuhuda wa ushairi

Hapa fasihi yetu yaweza kutoa ushahidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakubuni bahari ya shairi, aliikuta. Mtunzi wa utenzi huikuta mizani minane na vina vyake, na hakuna amwitaye mwigaji kwa kuvitumia. Mgogoro wa miaka ya 1970, uliopamba moto hasa baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, ulitufundisha jambo ambalo pande zote mbili hazikulikiri wakati huo: umbo la kurithi haliui shairi, wala umbo jipya haliliponyi. Linaloua ni kurudia bila ya kusikia.

Tunapendekeza basi kutofautisha kurudia kwa kuzidisha na kurudia kwa kupunguza. Chukua mfano wa twiga, sanamu idharauliwayo kuliko zote. Katika kazi njema shingo hufuata mwenendo wa nyuzi za mti, na pale mti ulipopinda mchongaji hupata kichwa kinachogeuka. Katika kazi mbovu shingo ni mti ulionyooshwa tu na kuwekewa pembe. Sanamu zote mbili ni twiga na zote zinauzwa. Moja imeuliza mti, ya pili haikuuliza.

Kwa kipimo hicho hicho hatuna budi kusema pia lisilopendeza. Sanamu ya Mmaasai mwenye mkuki na ngao, mchongaji wake ni Mkamba na mnunuzi wake ni Mzungu. Mmaasai mwenyewe hayumo. Mchongaji hachongi amwonaye, bali achonga anachodhani mgeni amekuja kukitazama. Hapo ile istilahi ya dharau ina chembe ya ukweli. Kosa lake ni kulaumu mahali pa kuuzia, ilhali ila imo katika jicho.

Lugha na jina

Lugha yetu haikuanza na utengano huu. Kamusi za zamani zinaonyesha kuwa kitenzi *chora* kilibeba maana ya kukata nakshi katika mti pamoja na maana ya kuandika picha. Mchoraji na mchongaji walikuwa nyumba moja. *Sanaa* nayo ilikuwa kazi ya ustadi wa mikono, na mwenye ustadi huo ni *fundi*. Leo *fundi* ameshushwa, *msanii* amepandishwa, na mitaani *usanii* umekuwa jina la ulaghai. Mabadiliko hayo ya maana yanatueleza mengi juu ya nani amepata heshima na nani ameikosa.

Tofauti hiyo inaonekana katika jina. Katika majumba ya maonyesho ya Nairobi, kama ilivyokuwa katika Gallery Watatu iliyoanzishwa mwaka 1969, picha husimama kwa sahihi ya mchoraji. Katika ushirika kazi hutiwa alama ya mwanachama, aghalabu namba, ili ikiuzwa ajulikane wa kulipwa. Namba humlinda mtu asidhulumiwe, lakini haimpi sifa, na pasipo jina hapana uhakiki. Malenga wetu walililijua hilo, ndipo wengi wakalitia jina katika ubeti wa mwisho.

Hili si suala la heshima tu. Ghasia za Likoni za mwaka 1997, shambulio la Kikambala la mwaka 2002 na maradhi ya korona ya mwaka 2020 yote yaliwazuia wageni, na mgeni asipokuja tezo hukaa kimya. Mpingo na muhugu nao umeadimika, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mti usiokubali haraka na upasukao usipokaushwa vyema. Jinsi kila mkono unavyojifunza mti huo ni jambo linalostahili kuandikwa sasa, wangali hai wanaojua.

Idara zetu zimekusanya mashairi ya watunzi wasiojulikana kwa bidii kubwa. Ni haki zikusanye pia majina ya wachongaji, istilahi zao za kazi, na hukumu zao wenyewe juu ya kazi njema na mbovu. Kwani hukumu hizo wanazo, nao huzitoa kila siku juu ya kazi za wenzao. Mpaka hapo tutakapozisikia, afadhali ile istilahi ya uwanja wa ndege tuwaachie wasafiri, na sisi tuseme sanaa ya karakana.