Floribert Bwana Chui: tunalilia kifo, tunaruka kazi

Wandugu, tangu Floribert Bwana Chui atangazwe Mwenyeheri kule Roma, Juni 2025, picha yake inazunguka kwenye magrupu yetu. Mimi pia niliituma. Lakini maneno tunayoweka chini yake ni yale yale: kijana, miaka 26, maskini, amekufa mapema.

Mambo yenyewe ni haya. Mtoto wa Goma, alisoma sheria, akapata kazi OCC, ofisi inayopima ubora wa vitu vinavyoingia nchini. Mwaka 2007 alikataa makuta ya watu waliotaka apitishe chakula kilichooza. Mwezi wa saba wakamteka, wakamuua.

Kabla ya kuwa shahidi alikuwa mfanyakazi. Aliangalia chakula, akaona kimeoza, akasema hapana. Sehemu hiyo njo tunaruka. Papa Fransisko aliisimulia vizuri kutushinda. Februari 2023, mbele ya vijana Kinshasa, alionyesha kwamba Floribert angeweza kunyamaza, hakuna mtu angejua, na angepata faida. Hapo kijana anayesikiliza anajiona mwenyewe. Sisi tunaanzia kaburini.

Lumumba naye tunamfanyia hivyo. Kila mtu anajua aliuawa huku Katanga, Januari 1961, akiwa na miaka 35. Kitabu chake juu ya Kongo kilitoka mwaka huo huo. Nani kati yetu amekisoma?

Nadhani tunapenda kifo kwa sababu kinamweka mtu mbali. Hakuna anayeniteka mimi hapa Kalemie, basi mfano wake haunihusu. Kazi yake, hiyo inanihusu.

Mimi nimesoma agronomi. Najua mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yanaota ukungu, na sumu yake, aflatoksini, haiishi hata ukipika bukari vizuri. Inaharibu maini. Siku moja, kwenye kazi ya muda, niliombwa kusaini karatasi ya magunia ambayo sikuyafungua. Hakuna aliyenitisha. Hakuna hata aliyenipa makuta. Ilikuwa jioni, nimechoka, nataka kurudi nyumbani. Nikasaini.

Kwa hiyo hii lawama inaanza na mimi. Atakayetuma tena ile picha, naomba aandike na habari ya chakula kilichooza, nani angekila, na nani alikuwa na kalamu mkononi. Kisha tuulizane humu bila haya: wewe, juma hili, umesaini nini?