Matembezi ya Makaburini Tongoni

Kutoka kwetu Masuguru tuliteremka na wanafunzi wa chuo hadi Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kuzuru magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo za mawe. Kijana aliyetutembeza ana ulimi mzuri. Alituonyesha vishimo vya nguzoni yalimokuwa mabakuli ya Kichina, akaeleza jinsi watu wa Vasco da Gama, kwa uchache wa mabaharia, walivyoichoma merikebu yao moja karibu na pwani ile mwaka 1499. Watoto walisikiliza kimya, nami nilifaidika.

Ama mpango wenyewe wa matembezi una kasoro. Ulianza kwa Mreno ukaishia kwa bakuli. Mwenye kaburi hakutajwa ila kwa utajiri wake. Mtume (s.a.w.) alikataza kwanza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Hilo ndilo lililotupeleka, au ndivyo nilivyowaambia wazazi. Mgeni mmoja aliketi juu ya kaburi apigwe picha, na wanafunzi wangu wawili wakamfuata. (Kujengea makaburi wanazuoni wengi wamekukataza, lakini kosa la mjenzi si ruhusa ya kumkalia.)

Nami, macho yangu vishimoni, nilikuwa sijawatolea salamu waliolala pale. Msichana mdogo kuliko wote ndiye aliyeniuliza: "Maalim, hawa hatuwaamkii?"

Tukarudi mwanzo wa njia, tukaanza upya.