Kubaki Hai Si Kuwa Bora

Kwenye kikundi chetu cha vijana tumemaliza kusoma Sapiens ya Yuval Noah Harari, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2014. Wengi walisema, "Si unaona? Binadamu ameshinda wanyama wote, basi ndiye bora."

Mimi nakataa, na kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Harari anaeleza vizuri habari ya kuku. Wako mabilioni, kwa kuzaana wamefanikiwa kabisa, lakini wengi maisha yao ni kubanwa vizimbani mpaka siku ya kisu. Kumbe wingi si heri. Na kama ni kudumu, binadamu wa aina yetu ana kama miaka 300,000 tu. Bakteria wana zaidi ya bilioni 3.

Ninachomlaumu mwandishi ni ile "sisi" yake. Ni kubwa mno, mtu mmoja anapotea ndani yake.

Mimi nilifika kambini, kaka yangu alibaki njiani. Ukisema aliyebaki hai ndiye bora, umesema yeye alikuwa duni. Hapana. Maji ya mwisho alinipa mimi.