Avata na Mbandwa

Wanaojadili michezo ya kompyuta hupenda kusema kwamba mchezaji hujiona katika avata, yaani ile sura anayojivika katika ulimwengu wa mchezo, kwa sababu ameichagua mwenyewe na inafanana na mtu ambaye angependa kuwa. Rai hiyo ina ukweli, lakini naiona fupi.

Ngara na Biharamulo zimezungukwa na nchi za ibada ya kubandwa: magharibi Burundi ya Kiranga, kaskazini yake Rwanda ya Ryangombe, mashariki Buzinza ya Wachwezi, ambayo Svein Bjerke aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1981. Mbandwa alipoingiwa na roho aliamkiwa kwa jina la roho hiyo, akaitika kwa jina hilo. Wala hakuichagua kama mtu achaguavyo kanzu sokoni. Mara nyingi maradhi au msiba ndio uliotangulia. Mpiga ramli akaitaja roho, na jamaa wakatafuta vya kutoa. Wako wenzetu wa fasihi wanaoyaita haya maigizo, wakapita. Mwigizaji hushangiliwa kwa ustadi wake. Mbandwa aliombwa baraka.

Basi kufanana si sharti, wala kuchagua si sharti. Nick Yee na Jeremy Bailenson walilionyesha jambo hili mwaka 2007 bila kuwataja Wachwezi: waliopewa avata ndefu waligawa fedha kwa kujipendelea zaidi kuliko waliopewa fupi. Sura hizo walipewa tu, na mwenzao katika mapatano hakuuona urefu huo. Mtu alivikwa, naye akaifuata nguo.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, iko penye kutoka. Mbandwa alikuwa na wenziwe walioingizwa kabla yake; walijua roho imefika saa ngapi na imeondoka saa ngapi, kisha wakamrudishia jina lake la nyumbani. Kijana aliye peke yake mbele ya kioo hana wa kumrudishia lake. Tena avata ina mwenyewe, naye si mchezaji. The Sims Online ilipofungwa mwaka 2008, wakazi wake wote walitoweka kwa amri ya kampuni. Wamisionari waliipiga vita ibada ya kubandwa kwa miaka mingi, nao hawakupata pa kuifungia hivyo.