Kaya za Wamijikenda na Usomaji Wetu

Katika vitabu vya UNESCO kaya za Wamijikenda zimeandikwa mara mbili. Mwaka 2008 baadhi ya misitu yao, iliyotapakaa katika mwambao wa Kenya kwa urefu wa kilomita 200 hivi, ilitiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila na desturi za kaya zizo hizo zilitiwa katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Jambo hili ni la kushukuriwa, wala simlaumu aliyelitenda. Lakini mwanafunzi wa fasihi, ambaye kazi yake ni kutazama jinsi neno na kitu vinavyoambatana, hana budi kuona kwamba kitu kimoja kimekatwa vipande viwili: mti umewekwa huku, na neno limewekwa kule. Nadhani mkato huo, ujapokuwa na manufaa yake, hutufanya tuisome kaya vibaya.

Kaya maana yake ni maskani. Palikuwa na watu wakikaa katika uwanda uliofyekwa katikati, na msitu uliowazunguka ulikuwa boma lao. Njia za kuingilia zilijulikana, na fingo, yaani dawa ya kuulinda mji, ilizikwa ndani. Watu wakatawanyika kidogo kidogo kufuata mashamba, hata kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimeacha kukaliwa. Makaburi yalibaki, fingo ikabaki, na miiko ikabaki: usikate mti, usilishe mifugo, usipite pasipo njia. Hata leo mgeni aingiaye Kaya Kinondo, huko Kwale, hujifunga nguo nyeusi, na hatoki na kitu.

Wapo wasemao kwamba wazee waliotunga miiko hiyo walikuwa mabwana misitu kabla ya mabwana misitu. Sifa hiyo ni njema, lakini naona haiwafai. Mwiko wa kaya hautaji mimea adimu wala chemchemi; hutaja wafu na maskani yao. Ni kweli kwamba mimea adimu imesalimika humo, lakini imesalimika kama watoto wasalimikavyo katika nyumba iliyojengwa kwa heshima ya babu. Tukiufasiri mwiko kuwa shauri la faida, tumebadili hoja yake. “Usikate, hapa pana wenyewe” huwa “Usikate, mti una faida.” Basi atakuja mtu mwenye faida kubwa zaidi, mwenye hoteli au machimbo, naye atakuwa ametujibu kwa kauli yetu wenyewe. Faida hushindwa na faida. Lakini kaburi la babu halina bei ya kushindaniwa.

Ajabu ni kwamba mtu aliyesoma vizuri kuliko sisi alikuwa adui. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama, na viapo vikaliwa katika Kaya Fungo kuwapinga Waingereza. Serikali ya kikoloni haikutosheka kumkamata msemaji. Mwaka 1914 iliilipua kaya yenyewe kwa baruti. Ilifahamu kwamba kiapo kile hakikuwa maneno matupu yawezayo kusemwa popote, bali kilishikwa na mahali. Aliyetaka kulivunja neno alipavunja mahali.

Itajibiwa kwamba imani haiamrishwi. Kijana Mwislamu au Mkristo asiyewaogopa koma atazuiwa na nini? Hoja hii ni nzito. Kwa sababu hiyo sidharau sheria, wala kazi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo tangu mwaka 1992 imekuwa na kitengo cha kushughulikia misitu hiyo. Pasipo hiyo, huenda kaya kadhaa zingekuwa viwanja. Lakini sheria ni ua. Haimwambii mtu kwa nini akae nje ya ua. Neno hilo lipo kwa wazee, na wazee wenyewe wamo hatarini. Katika Kilifi wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mvi, ambazo zamani zilikuwa hati ya heshima, zimefanywa ushahidi wa hatia. Jamii imuuayo mzee kisha ikahesabu miti yake imefunga kitabu na kuanza kusifu jalada.

Kwa hiyo naomba tusiridhike kukusanya sala na viapo vya kaya na kuvipiga chapa kama mashairi yasiyo na kwao. Kila tuandikapo neno, tuandike na mahali liliponenwa, na nani mwenye haki ya kulinena, na lipi linamfunga asilifanye. Huenda kijana asiamini koma. Lakini akifahamu kwamba msitu ule ulikuwa nyumba ya watu wake, atabisha hodi kabla ya kuingia. Na abishaye hodi haingii na shoka.