Mkono Utalala Wapi

Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa. Ndiyo maana jioni za pwani ya Ziwa Tanganyika huko Burundi, kutoka Kabezi kushuka hadi Rumonge, zina saa za kusubiri giza, na mchezo unaozifaa saa hizo ni igisoro. Ubao una safu 4 za mashimo manane manane, kete ni 64, wachezaji wawili, na watazamaji wasioweza kunyamaza. Mtu wa Ujiji au wa Unguja akipita atautambua: ni ndugu wa bao lake, ingawa namna ya kula inatofautiana.

Mtazame fundi anapochota. Hanyooshi kidole kuhesabu, wala midomo haimchezi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, mkono umelala. Kati ya kuchota na kulala mkono huweza kuzunguka mara tatu au nne, na upande wake wote ukawa mwingine kabisa. Yeye mwisho huo ameshauona kabla hajagusa ubao. Asiyejua husita katikati. Ajuaye, kete humtoka mfululizo, zikilia kwenye mti kama mvua juu ya bati.

Mlinganishe fundi huyo na mashine. Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, alishindwa na Deep Blue, kompyuta ya IBM, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Mashine ile ilipima hali milioni 200 kwa sekunde. Lakini katika sataranji farasi huruka mara moja akatua, na kete nyingine zimekaa palepale. Kwenye igisoro na bao, zamu moja huweza kulivuruga eneo zima.

Wataalamu walilijua hilo. Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar, na mwaka 1995 akachapisha utafiti kuhusu mipaka ya akili zao. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika jinsi ya kuifundisha kompyuta bao. Mwaka huohuo, Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliumaliza awari, binamu wa Afrika Magharibi mwenye safu 2 tu: kompyuta ilipitia hali zaidi ya bilioni 889 na kutoa hukumu kwamba wasiokosea watatoka sare. Bao la safu 4 halijamalizwa hivyo. Tena, mwaka 2006 ilioneshwa kwamba zipo zamu za bao zisizolala kamwe.

Fundi wa Kabezi hakuandikiwa programu. Alisimama nyuma ya wazee miaka mingi, akitazama mikono yao, na hesabu ikamwingia kwa macho. Ufundi huo unastahili heshima ileile anayopewa Kasparov.

Ukishika barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, teremka Kabezi jioni, uliza wanapocheza, usimame nyuma. Mwenye zamu usimsemeshe.